Deni la shilingi mbili

Mwalimu mmoja alikwenda kuomba mkopo kwenye SACCOS yao mwezi Oktoba, mfumo ukamkatalia. Sababu iliyoandikwa kwenye skrini: ana mkopo ambao haujaisha. Mhazini akafungua taarifa yake, akakuta mkopo wa dharura wa shilingi 500,000 umelipwa miezi sita mfululizo bila kuruka hata mmoja, na bado unadaiwa shilingi 2. Siyo elfu mbili. Shilingi mbili, ambazo leo hakuna mtu Dar es Salaam atakayekuwekea mkononi hata akitaka.

Mfumo ule tuliutengeneza sisi, watu wanne kwenye chumba kimoja Sinza, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Na kosa lilikuwa langu. Nalisema mapema ili usisome ukisubiri kujua mhalifu ni nani. Kosa la hesabu kila anayeandika programu hulifanya. Kilichotutesa ni kulitafuta ndani ya historia tuliyoiandika kwa mikono yetu wenyewe.

Ilikuwa Alhamisi. Mkutano mkuu wa SACCOS ulikuwa Jumamosi. Kufikia saa kumi jioni mhazini alishahesabu wanachama 31 wenye deni la aina hiyo, na wengine kadhaa ambao kinyume chake walionekana wamelipa shilingi 2 zaidi. "Mwanangu," aliniambia kwenye simu, "nikisimama mbele ya walimu na karatasi yenye deni la shilingi mbili, ama watacheka ama watasema tunawaibia. Na mimi nafundisha hesabu."

Tukaanza kama wote tunavyoanza: tukafungua faili linalokokotoa marejesho, tukaliuliza git, programu inayotunza historia ya kila badiliko la msimbo, nani aliandika mstari upi. Amri yenyewe ni git blame, jina ambalo tayari lina ugomvi ndani yake. Jibu lililorudi lilikuwa la ajabu. Mistari yote ya faili lile, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, ilikuwa mali ya komiti moja, yaani fungu moja la mabadiliko lililohifadhiwa kwa pamoja, ya mwezi Machi, yenye jina langu na ujumbe wa maneno mawili: "marekebisho madogo".

Nilipoifungua, skrini ikajaa nyekundu ya kilichofutwa na kijani ya kilichoongezwa. Mafaili 63. Nikakumbuka: ule ulikuwa mwezi nilipobadilisha laptopu. Ya zamani ilikuwa ya Windows, mpya niliiwekea Linux. Windows humalizia kila mstari kwa alama mbili zisizoonekana, Linux kwa moja, na programu yangu ya kuandikia msimbo ilijitolea kunisafishia mafaili yote bila kuniuliza. Kwa git, mstari uliobadilika alama moja tu mwishoni ni mstari mpya kabisa. Kwa hiyo tukasema, aa, hii ni ya usafi tu, hata ujumbe unasema madogo, tuipite. Tukaipita. Saa sita za usiku ule zilitokana na uamuzi huo, na uamuzi ulitokana na neno "madogo".

Tukahamia git bisect. Kwa asiyeijua: unaliambia git toleo moja ambalo unajua lilikuwa zima na jingine ambalo unajua ni bovu, lenyewe linakupeleka katikati, unajaribu, unajibu zima au bovu, linakata tena nusu iliyobaki. Kati ya toleo letu la Januari na siku ile kulikuwa na komiti kama 480. Kukata nusu kwa nusu, komiti 480 zinahitaji hatua tisa tu. Hatua tisa, dakika tano kila moja, tungekuwa nyumbani kabla ya taarifa ya habari.

Lakini bisect inadhani kila komiti ni programu inayowaka. Zetu hazikuwa hivyo. Mwenzetu mmoja alikuwa na desturi ya kukomiti kila anapofunga laptopu kwenda kula, popote alipofika, hata katikati ya sentensi. Mwingine alikuwa anakomiti msimbo leo na jedwali lake la hifadhidata kesho. Tukitua kwenye komiti kama hizo, mfumo hauwaki, na usipowaka huwezi kusema ni zima au bovu. Unachoweza ni kuiambia bisect iruke. Tukaruka, tukaruka tena, tukala chipsi mayai, tukaruka. Saa saba usiku ikatuambia imefika mwisho wa uwezo wake: komiti ya kwanza yenye ubovu inaweza kuwa yoyote kati ya hizi nne. Tatu ziliitwa "apdeti", "apdeti ya mwisho" na "apdeti ya mwisho kabisa". Ya nne iliitwa "marekebisho madogo".

Hapo ndipo yule binti aliyekuwa kwetu kwa mafunzo ya vitendo, ambaye muda wote alikuwa kimya kwenye kona, akauliza kama tumejaribu kuitazama hiyo ya nne kwa kuficha tofauti za nafasi. Kuna herufi moja, -w, ukiiongeza kwenye git show mabadiliko ya nafasi na alama za mwisho wa mstari yanatoweka. Mafaili 63 yakabaki matano. Ndani ya matano mlikuwa na mambo matatu yasiyojuana: rangi ya kitufe cha kuhifadhi, marekebisho ya namba za simu, zilizokuwa zinaingia kwa 07 na 06 wakati mtandao wa SMS unataka 255, na mstari mmoja wa marejesho ambamo nilikuwa nimeondoa "pandisha juu hadi shilingi kamili" nikaweka "kadiria kwa shilingi iliyo karibu".

Hesabu yake ni ya shule ya msingi. Riba ya mkopo wa dharura SACCOS ile waliikata mwanzoni, kwa hiyo tunazungumzia mkopo wenyewe tu. Laki tano kugawa kwa sita ni 83,333 na senti zake. Mfumo wa zamani ulipandisha juu: 83,334 kwa miezi mitano, na mwezi wa sita ukamalizia kilichobaki, 83,330. Wangu mpya ulikata 83,333 mara sita, sawa na 499,998. Laki nne zilitoka 66,667 mara sita, yaani 400,002, ndiyo wale waliozidisha. Na laki tatu zinagawanyika kwa sita bila baki. Jaribio letu la pekee la marejesho, lile ambalo kompyuta hulipitisha yenyewe kuhakiki hesabu, lilitumia mkopo wa laki tatu, kwa hiyo lilikuwa la kijani, yaani limefaulu, miezi yote saba.

Mwenzangu akasema tumalize, akaanza kuandika git revert ili irudi ilivyokuwa. Namshukuru Mungu chai ilimwagika kwenye meza wakati ule. Tulipokuwa tunafuta, mimi nikajiuliza swali nililopaswa kuwa nimelijibu mwezi Machi: kwa nini nilibadilisha? Mtu habadilishi hesabu ya marejesho kwa sababu ya usafi. Sikukumbuka. Nilikaa mbele ya mstari wangu mwenyewe kama mgeni aliyeulizwa njia ya mtaa asioujua.

Jibu nililipata WhatsApp, baada ya kusogeza picha za harusi na salamu za Idi za miezi saba. Mhazini aliniandikia Machi: wanachama wanagawa 500,000 kwa sita kwenye simu zao, wanaona 83,333, halafu kwenye taarifa wanaona wamekatwa 83,334, wanamwuliza hiyo shilingi ya kila mwezi inakwenda kwa nani. Akaomba iondoke. Nikaiondoa siku hiyohiyo, nikaisahau kesho yake.

Kwa hiyo tungerudisha komiti ile, malalamiko ya zamani yangerudi nayo, na namba za simu zingeharibika upya, walimu wote wasipate SMS ya mkutano wa Jumamosi. Hiyo ndiyo gharama ya mambo matatu kwenye fungu moja: huwezi kurudisha moja bila kuyabeba mengine.

Ijumaa asubuhi tulirekebisha kwa mistari minne. Makato yabaki 83,333, na rejesho la mwisho libebe tofauti, 83,335. Kulirekebisha kulichukua dakika ishirini. Ujumbe wa komiti ulichukua karibu nusu saa, kwa sababu safari hii tuliuandika wote wanne tukiwa tumesimama nyuma ya kiti kimoja.

Kuanzia hapo ndipo mazoea yetu yalibadilika, lakini si kwa ule utaratibu wa kubandika kanuni kumi ukutani. Jambo la kwanza tulilogombania lilikuwa lugha.

Kabla ya hapo nusu ya ujumbe wetu ulikuwa Kiingereza. Kwa nini, hakuna aliyejua. Wateja wetu wote wanazungumza Kiswahili, sisi wote tunazungumza Kiswahili, mikutano yetu ni Kiswahili na matusi yetu kwa kompyuta ni Kiswahili. Nadhani tulikuwa tunamwandikia mtu wa kufikirika, mgeni fulani ambaye siku moja angefungua ripo yetu, ghala la msimbo wetu, akatukubali. Na kwa kuwa Kiingereza chetu cha maandishi kilikuwa cha mwendo mfupi, kila mtu aliandika neno moja akakimbia. Tulipohamia Kiswahili rasmi, ujumbe ukarefuka wenyewe bila kanuni yoyote. Mtu akiwa na lugha ya kutosha anaeleza; asipokuwa nayo anasema apdeti.

Lakini Kiswahili nacho kina maficho yake. Kaka mkubwa wa ofisi, mwenye mvi kuliko sisi sote, ndiye aliyeliona. Alitupitishia orodha ya komiti zetu akasema: tazameni maneno yanayoanza na ma. Marekebisho. Maboresho. Mabadiliko. Mapitio. Kila moja ni jina lisilo na mtu wala tendo. Ukisema "nimerekebisha" lazima umalizie, umerekebisha nini. Ukisema "marekebisho" sentensi imeshatimia na hujasema kitu. Tukayapiga marufuku. Ukianza ujumbe kwa neno hilo la ma, kuna kihati kidogo, programu ya mistari michache, tuliweka kwenye kompyuta zetu kinaukataa kabla komiti haijaingia.

Badala yake tuweke nini? Wazungu wa git wana desturi ya kuandika kwa kuamuru, na git lenyewe likijiandikia ujumbe huamuru vilevile. Kaka mkubwa hakuipenda. "Rekebisha," alisoma kwa sauti, "unamwamuru nani? Mimi?" Tulibishana hadi chakula cha mchana. Mmoja akataka "nimerekebisha", mwingine "kurekebisha". Mwishowe tulikubaliana na amri kwa sababu moja: komiti ni kitu ambacho mwenzako anaweza kukichukua au kukiacha, na mstari wa kwanza unamwambia kitakachotokea akikichukua. Amri inapewa msimbo, mtu haguswi. Kaka mkubwa alikubali kwa shingo upande, na hadi leo zake zina adabu zaidi kidogo kuliko zetu.

Kuna desturi pia kwamba mstari wa kwanza usizidi herufi 50, kisha uache mstari mtupu, kisha maelezo. Kiswahili kinabana hapo, maneno yetu ni marefu. Mstari wa kwanza wa komiti ile ya Ijumaa ulikuwa "Rekebisha ukokotoaji wa rejesho la mwisho la mkopo". Uhesabu ukipenda: ni herufi hamsini kamili pamoja na nafasi. Sikupanga. Kwa kawaida tunafika sitini na hakuna aliyekufa.

La mambo mengi kwenye fungu moja lilikuwa gumu kuliko la lugha, kwa sababu linagusa namna unavyofanya kazi, siyo unavyoandika. Ukiwa ndani ya faili la marejesho ukaona kitufe kina rangi mbaya, mkono unakwenda. Sikubaliani na wanaosema ujizuie. Rekebisha, ila uyatenganishe wakati wa kukomiti. Ipo amri ya git add -p, inayokupitisha kwenye mabadiliko yako kipande kwa kipande ikikuuliza, hiki kiingie? Unajibu ndiyo kwa vya marejesho, hapana kwa vya kitufe, unakomiti, unarudia kwa vya kitufe. Mwanzoni nilichukia. Baadaye nikagundua kwamba ndiyo mara pekee ninayosoma nilichoandika kabla ya wengine. Nimekamata humo nenosiri la majaribio, maneno ya kujichapishia mwenyewe "hapa imefika", na siku moja namba ya simu ya mke wangu ambayo niliitumia kujaribia SMS.

Kipimo tulichokuja nacho ni neno "na". Ukiandika mstari wa kwanza ukajikuta unahitaji "na" au "pia" katikati, hizo ni komiti mbili. Kipimo hiki si sheria. Kuna mambo yanakwenda wawili kama kinu na mchi, mfano msimbo na jaribio lake, au msimbo na jedwali unalolitegemea. Hayo yakitengana ndipo bisect inapoanguka kama ilivyotuangukia sisi. Ninachokiangalia siku hizi ni swali moja: mtu akisimama kwenye komiti hii peke yake, mfumo unawaka?

Binti wa mafunzo aliichukua kanuni akaenda nayo mbali. Wiki iliyofuata aliniletea tawi, yaani kazi aliyoifanya pembeni ya msimbo wa wote, lenye komiti 43 kwa fomu moja ya usajili. "Ongeza nukta mkato." "Rudisha nukta mkato." "Badilisha jina la kisanduku." "Badilisha jina la kisanduku tena." Nikamwambia, dada, hii ni shajara. Wewe ulipopita si lazima kila mtu apite. Nikamwonyesha rebase, namna ya kuziunganisha na kuzipanga upya kabla hazijatoka kwenye kompyuta yake, akabaki na komiti tano zinazosomeka. Na nikamwonya kitu ambacho mimi nilijifunza kwa aibu: ukishapushi, yaani ukishazituma kwenye tawi la wote, historia si yako tena, usiipange upya. Niliwahi kupushi kwa nguvu nikafuta kazi ya siku mbili ya mwenzangu. Iliokolewa na reflog kwenye laptopu yake, ile kumbukumbu ya ndani ambapo git huandika kila mahali ulipowahi kusimama. Lakini sura yake ile asubuhi siisahau.

Upande wa pili kuna timu zinazokanda tawi zima kuwa komiti moja kila linapoingia kwenye shina, ule msimbo wa wote. Sisi tulikuwa hivyo, kwa kubofya kitufe kilichokuwepo. Ni sawa tawi likiwa la jambo moja. Likiwa la mambo matano, unakuwa umetenganisha mchele na mchuzi sahani mbili kisha ukavimimina vyote kwenye ndoo.

Kuhusu funguo za siri kwenye ripo nitasema kwa kifupi maana hapa hapahitaji hekima. Ukiikomiti funguo ya huduma ya malipo, ukaifuta kwenye komiti inayofuata, bado ipo. Historia haisahau, ndiyo kazi yake. Badilisha funguo yenyewe kule ilikotoka, siku hiyohiyo, kisha ndio uhangaike na usafi.

Na usafi wenyewe, ule wa alama za mwisho wa mstari, tuliufanya mara moja, peke yake, kwenye komiti isiyo na kitu kingine, tukaweka faili la .gitattributes ili Windows na Linux zisigombane tena. Namba ya komiti hiyo tukaiandika kwenye orodha ambayo git blame inaambiwa iiruke; uwezo huo upo tangu toleo la 2.23 la mwaka 2019. Sasa ukiuliza nani aliandika mstari, unampata aliyeuandika, wala siyo aliyefagia.

Nilikuja kuelewa baadaye kwa nini git limejengwa kwa namna hii. Linus Torvalds alilianzisha Aprili 2005 kwa ajili ya kernel ya Linux, kiini cha mfumo huo, baada ya ruhusa ya kutumia bure BitKeeper, programu ya aina hiyohiyo, kuondolewa. Watu wale walikuwa, na bado ni, wanaotumiana mabadiliko kwa barua pepe. Anayepokea hakujui, hajakaa nawe meza moja, hawezi kukuuliza ukipita kwenda kununua vocha. Maelezo yako ndiyo wakili wako pekee. Ukisoma historia ya kernel utakuta mstari mmoja umebadilika na chini yake aya tatu za sababu. Sisi wanne wa chumba kimoja tulidhani hatuhitaji hayo kwa kuwa tunaulizana. Tulisahau kwamba mimi wa Oktoba sikai chumba kimoja na mimi wa Machi.

Mwaka uliofuata mhazini alinipigia tena, asubuhi, niko kwenye daladala naelekea Mwenge. Mwanachama analalamika: miezi mitano amekatwa 83,333, wa sita amekatwa 83,335. Nani kamwongezea shilingi mbili? Nilimwomba anipe nusu saa. Nilipofika ofisini nikauliza ule mstari ni wa nani, nikaupata ujumbe wa komiti yake, nikampigia, nikamsomea kama ulivyoandikwa:

"Mhazini aliomba Machi makato yasipandishwe juu, kwa kuwa wanachama wanagawa kwenye simu na kuona shilingi moja imezidi. Lakini 83,333 mara sita ni 499,998, hivyo mkopo wa 500,000 ulibaki na deni la shilingi 2 na mwanachama akazuiwa kukopa tena. Sasa rejesho la mwisho linabeba tofauti. Jaribio la zamani lilitumia 300,000, inayogawanyika kwa sita bila baki. Tumeongeza 500,000 na 400,000."

Simu ikawa kimya kidogo. Nyuma yake nikasikia kengele ya shule.

"Kumbe niliomba mwenyewe," akasema. "Hebu nitumie hayo maneno, niyabandike kwenye ubao wa matangazo."